Mbuzi wa Mpaka

Kisima kilichoko mteremkoni chini ya nyumba yangu tulikichimba mimi, mume wangu na shemeji yangu, na hadi leo nikitaka maji yake naenda kuomba ufunguo kwa watu. Naanza hapo ili anayesoma ajue mapema kwamba sikuja kuongea kwa upole. Vijana wenye mishahara wakisikia nimekaa kwangu tangu miaka ya sitini hunijia na swali moja: "Mama, ploti inanunuliwa namna gani?" Wanategemea niwape habari za wakili, stempu na bikoni. Mimi huwapa habari ya mbuzi. Wengine hucheka. Wacha wacheke, kiu ikiwashika watanikumbuka.

Nilipoolewa nilikuwa fundi wa nguo pale soko la Tulia, nikishona sare za shule kwenye baraza ya duka. Mume wangu alikuwa mwinjilisti. Alikuwa na baiskeli, Biblia, na sauti ambayo ukiisikia ukiwa ng'ambo ya mto unajua kuna mtu anatubu. Tulikaa katika boma la baba yake, kwenye kibanda kilichobanwa kati ya jiko la mama mkwe na zizi la ndama. Kuku wa watu walitaga kitandani mwangu. Nikipika, kila mtu alijua nimepika nini. Nikikosana na mume wangu, asubuhi nilikuta boma zima limeshaamua nani ana makosa, na kwa kawaida nilikuwa mimi. Nilitaka kwangu. Sikutaka mahali pakubwa, nilitaka mahali ambapo nikifunga mlango umefungwa.

Shamba nililitafuta mwenyewe, na nililitafuta mwezi wa Septemba. Hapa Kitui mtu akikupeleka kuona shamba Desemba, mvua ishanyesha, mbaazi zimesimama na hata mawe yana sura nzuri, huyo hakuuzii shamba, anakuuzia mvua. Nenda Septemba, ng'ombe wakiwa mifupa na vumbi likiwa puani, halafu uangalie ni kitu gani bado kiko hai. Mimi niliona mkuyu. Ulisimama chini ya mteremko, majani yake mabichi kabisa, wakati miti mingine yote ilikuwa imekauka ikabaki miiba. Nikachimba kwa kijiti karibu na mizizi yake, na mkono ulipoingia hadi kiwiko nikashika udongo wenye unyevu. Nilikaa chini hapo hapo nikacheka peke yangu.

Nilipanda pia juu ya mteremko kuangalia mahali pa nyumba. Palikuwa na changarawe. Hiyo ni nzuri, kwa sababu ule udongo mweusi wa bondeni unavimba mvua ikija na kupasuka jua likija, na ukuta wako unapasuka nao. Nikatafuta vichuguu vya mchwa, nikaona vichache, vyote vikiwa mbali. Nikasimama nione upepo wa jioni unatoka wapi, nijue mlango utatazama wapi. Haya yote nilifundishwa na mama yangu, ambaye hakuwahi kumiliki hata shubiri moja ya ardhi. Nasema hivyo kwa sababu nataka ieleweke kwamba shamba hilo halikuchaguliwa kwa bahati. Lilichaguliwa kwa ajili ya maji. Nyumba juu, kisima chini, vyote kwa boma moja. Bila kisima, kile kilima kilikuwa changarawe tu.

Mwenye shamba alikuwa mzee wa kanisa letu, mtu wa kukaa kiti cha mbele, anayefumba macho kabla mwimbaji hajaanza wimbo. Alikubali kutuuzia mteremko wote, kutoka changarawe ya juu hadi ng'ambo ya mkuyu. Tulimpa ng'ombe wa mume wangu na pesa za sare zangu, akapokea vyote kwa mikono miwili. Katika hayo hatujawahi kubishana. Hata yeye, na nitasema mengi juu yake, hakuwahi kusema hakulipwa.

Sasa, kwetu Ukambani ukishalipa bado hujanunua. Kuna mbuzi wa mpaka. Siku inapangwa, wazee wa mbai ya muuzaji wanakuja, maana shamba la mtu ni la mbai yake, ukoo wake, pia, na wazee wa upande wa mnunuzi wanakuja. Wote wanatembea mpakani, kona hadi kona, wakipanda makonge. Mbuzi anachinjwa, damu na majani ya tumboni mwake vinanyunyizwa kwenye kona, halafu nyama inachomwa na kuliwa hapo hapo shambani, na kaluvu, pombe yetu ya asali, inapita. Si sherehe ya tumbo. Aliyekula mbuzi huyo amefungwa. Siku ya ubishi ataitwa, na hata kama muuzaji ni ndugu yake wa damu, lazima aseme mpaka ni pale ulipo. Akidanganya, ile nyama itamtafuta yeye na nyumba yake. Wazee wetu hawakuwa na karatasi, waliweka kumbukumbu mahali ambapo mtu hawezi kuisahau, ndani ya tumbo lake mwenyewe.

Mbuzi nilikuwa naye. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa akinunua mifugo kule Tseikuru, akaniletea beberu mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma, mnene hadi akitembea anayumba. Nilimfuga msimu mzima nikimpa maganda ya viazi. Siku moja kabla ya wazee kuja, mume wangu alirudi kutoka mkutano wa maombi, akaegemeza baiskeli, akasimama mlangoni mwa jiko.

"Mama watoto, hiyo mbuzi haitachinjwa."

"Kwa nini? Ni mgonjwa?"

"Damu ya kumwaga kwa kona ya shamba ni sadaka. Na wataleta pombe. Mimi siwezi kusimama Jumapili niambie watu waache hayo mambo, halafu Jumatatu niyafanye kwangu. Damu ilishamwagika mara moja, ikatosha."

"Hiyo ilikuwa ya wokovu," nikamwambia. "Hii ni ya shamba."

Alinitazama kwa huruma. Hakuna kitu kinachonichoma kama huruma ya mtu ambaye hajui anachofanya. Nilimwambia wazee wa ile mbai hawajaokoka, au wameokoka kidogo tu, na wao ndio watakaoulizwa. Akasema muuzaji ni ndugu yetu katika Bwana, na ndiyo yake ni ndiyo. Nikamwambia hata ndugu wa tumbo moja huchinjiana mbuzi. Akasema nisiwe na imani haba. Basi nikanyamaza, kwa sababu ukishaambiwa una imani haba, neno lolote utakalosema linahesabiwa kuwa ushahidi.

Wazee walikuja asubuhi wakiwa wamevaa makoti. Walimwona beberu amefungwa kwenye mti, nyuso zao zikafurahi. Kisha nikapewa kazi ya kuwapa chai ya maziwa na mkate wa duka uliopakwa majarini. Mume wangu na yule mzee wa kanisa walitembea mpakani wakiimba, wakapanda makonge kwenye kona, wakasimama kila kona wakaomba. Wazee wa mbai walifuata nyuma hadi kona ya kwanza, halafu wakarudi kukaa. Mmoja wao alitazama ndani ya kikombe chake muda mrefu, akaniuliza, "Mwaitu, mama yetu, sasa hii ni karamu ya nini?"

Nikamwambia ni ya shamba.

"Aa," akasema, akaweka kikombe chini kabla hakijaisha.

Waliondoka jua likiwa bado la asubuhi, bila kuaga vizuri. Beberu alilia nyuma yao. Mume wangu alikuja amejaa furaha, akanishika bega, akasema, "Umeona? Imekwisha kwa amani." Ningekuwa na mwiko mkononi siku hiyo, sijui.

Beberu huyo aliliwa Krismasi. Kanisa lilikuja kwetu baada ya ibada, watu wakakaa chini ya turubai, na mume wangu akamchinja kwa moyo mkunjufu kwa sababu sasa hakuwa sadaka, alikuwa kitoweo. Yule mzee wa kanisa alikula mbavu. Nakumbuka kwa sababu nilimpa mwenyewe, na aliomba chumvi.

Tulijenga. Tulifyatua matofali kwa udongo wa bondeni na kuyachoma kwa kuni tulizokusanya wenyewe. Nyumba ikawa na vyumba vya kulala, sebule, na paa la mabati ambalo mvua ikilipiga huwezi kusikia mtu akikuita, nami nilipenda hivyo. Jiko nililiweka pembeni, mlango ukiupa upepo mgongo. Kisha tukachimba kisima karibu na mkuyu. Wanaume walichimba, mimi na mke wa shemeji tukavuta udongo kwa ndoo na kamba hadi viganja vikatoka ngozi. Siku maji yalipoingia, meupe kama ya kuosha mchele, mume wangu alipiga kelele kutoka shimoni nikadhani amebomokewa. Alikuwa anasifu. Nami nilisifu, sikatai. Nililia pia.

Kwa miaka kadhaa hatukuwa na shida. Majirani walichota, na yule mzee wa kanisa alichota, na wanawe walinywesha ng'ombe wao hapo. Hatukuweka kifuniko cha kufunga wala hatukumkataza mtu. Nilipanda sukuma wiki, migomba na miembe midogo chini ya kisima. Ukitaka kujua mwanamke wa Kitui ametajirika, usiangalie nguo zake, uliza anatembea umbali gani kutafuta maji. Mimi nilikuwa natembea hatua za kwenda kuamsha mtoto. Nikienda kanisani na nguo safi katikati ya kiangazi nilikuwa na kiburi, na sioni haya kusema.

Halafu wapimaji wa serikali wakaja, miaka ya sabini. Kila shamba lilipaswa kupimwa ili watu wapewe taito, hati ya shamba. Kamati ya wenyeji ndiyo iliyokuwa ikisimama shambani kusema mpaka ni wapi, na wapimaji wanaandika kile kamati imesema. Wana wa yule mzee wa kanisa walikuwa wamekua, wameoa, wana ng'ombe, na walikuwa wameshaelewa maji ni nini.

Siku ya shamba letu, kamati ilisimama pale kati ya nyumba na kisima. Mzee wa kanisa akaja na wanawe. Akaulizwa mpaka ni wapi. Akanyoosha fimbo, si ng'ambo ya mkuyu, bali katikati ya mteremko, kwenye makonge yaliyoota juu ya kisima.

"Ni hapo kwa makonge," akasema.

Mtu yeyote aliyewahi kupanda makonge anajua tabia yake. Unapanda moja, linazaa. Miaka ikipita yamesambaa kila upande kama watoto wa jirani. Makonge ya mpaka yalikuwa chini, makubwa, mengine yameshatoa mlingoti. Hayo ya juu yalikuwa machipukizi ambayo niliyaacha nikate nyuzi za kufungia kuku. Nilipiga kelele hivyo. Mwenyekiti wa kamati akasema mama anyamaze kwanza. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nikiliogopa tangu siku ya ule mkate wa majarini.

"Nani alikula mbuzi ya mpaka?"

Wazee wa mbai walikuwepo, wote isipokuwa mmoja aliyekuwa amekufa. Walitazama chini.

"Hakukuwa na mbuzi," mume wangu akasema. "Tulifanya kwa maombi. Hawa wazee walikuwa."

Mwenyekiti akawageukia. Yule aliyeacha chai kikombeni akasema, "Sisi tulikunywa chai. Chai tunakunywa kila mahali. Hatukuona kona, tuliona kikombe."

"Lakini mbuzi alimla!" Hapo sikuweza kuzuia ulimi. Nilimnyooshea kidole mzee wa kanisa mbele ya watu wote. "Alimla hapa hapa, mbavu, akaomba chumvi!"

"Nilikula ya Krismasi," akasema polepole, akitazama angani. "Hiyo ilikuwa ya Krismasi."

Watu walicheka. Hata wapimaji, ambao hawakuwa wa kwetu, walitafsiriwa wakacheka. Nimeishi miaka mingi, nimezika wazazi, nimezaa kwa shida, lakini kile kicheko ndicho ninachokisikia nikiamka nikiwa na hasira bila kujua sababu.

Mwenyekiti akasema basi, kama hakuna aliyekula, iko njia nyingine. Waape kwa kithitu, kile kiapo chetu cha zamani ambacho mwongo haponi, wala watu wake. Nilimwona mzee wa kanisa akibadilika uso. Aliogopa. Kwa mara ya kwanza siku ile tulikuwa tumemshika. Nikamtazama mume wangu, na macho yangu yalimwambia kila kitu ambacho mke anaweza kumwambia mume.

"Mimi ni mtu wa Mungu," mume wangu akasema. "Siapi kwa kithitu."

Na yule mwizi, huku rangi ikimrudia, akaruka juu ya neno hilo kama kuku juu ya mtama. "Hata mimi. Mimi ni Mkristo kama ndugu yangu. Sisi hatuapi."

"Basi niape mimi," nikasema. "Leteni hicho kitu. Mimi najua mpaka."

"Mwaitu," mwenyekiti akasema, na hakusema vibaya, "mwenye shamba ni bwana yako. Na bwana yako amekataa."

Mpaka ukapigwa juu ya kisima. Nyumba yetu, changarawe yetu. Maji, migomba, miembe na mkuyu, yake. Wakati watu wakitawanyika, yule mzee wa chai alinipita karibu akasema bila kunitazama, "Tunajua ukweli, mwaitu. Lakini hatukufungwa. Siwezi kushuhudia mtu wa mbai yangu kuwa mwizi kwa ajili ya mkate." Nilimchukia kwa miaka. Sasa namchukia kidogo, kwa sababu angalau alisema.

Tulikata rufaa hapa na pale, tukaambiwa twende tukamalizane kikanisa. Kikanisa! Mchungaji alituweka chumba kimoja, akasoma habari ya kusameheana, akatuomba tushikane mikono. Mume wangu akashika. Mimi nilikaa juu ya mikono yangu. Jumapili ya meza ya Bwana, yule mzee alipofika kwangu na kikombe, nilifunga mdomo. Kanisa zima liliona. Mchungaji aliniita akaniambia hasira ni dhambi. Nikamuuliza wizi ni nini. Akasema kila kitu kina wakati wake. Kwa hiyo wizi una wakati, na hasira haina.

Wanawe walijenga kifuniko juu ya kisima, wakatia mlango wa bati na kufuli. Hawakutunyima maji, mambo hayakuwa rahisi hivyo. Wangetunyima ningepata njia ya kupigana. Walisema tu tuwe tunakuja kuomba ufunguo. Kwa miaka mingi sikuomba. Nilikwenda mtoni kufukua mchanga na wanawake wengine, mimi ambaye nilikuwa na kisima. Mume wangu akaona. Akaanza kufunga mitungi kwenye baiskeli ya Injili na kwenda mtoni alfajiri kabla ya kwenda kuhubiri. Alirudi suruali imelowa. Watu walimcheka, mwanamume kuchota maji. Alichota hadi magoti yakakataa. Lakini hakuwahi kuniambia, hata siku moja, kwamba alikosea kuhusu yule mbuzi. Nilimsubiri aseme. Ningesahau kisima nusu kama angesema. Badala yake aliniletea maji, na maji si neno.

Magoti yake yalipokataa, na yangu yakaanza, ndipo nikateremka kuomba ufunguo. Mzee wa kanisa alikuwa amekufa. Ufunguo ulikuwa kwa mke wa mwanawe, msichana mwenye adabu aliyeninawisha mikono na kunikalisha, akaniita nyanya: "Susu, chukua tu, usiwe unauliza." Lakini ukichukua bila kuuliza nacho si chako, wewe ni nani? Nikawa nauliza kila mara, makusudi, kwa sauti, ili isisahaulike. Yule msichana hana kosa lolote, na hilo linaniudhi zaidi.

Miaka ya tisini binti yetu wa mwisho alipata kazi ya ofisi Makueni, kule Kiboko kwenye barabara ya Mombasa. Baada ya muda akaniambia amenunua ploti yenye nyumba ndogo na tangi la maji. Nilimuuliza aliiona mwezi gani. "Septemba, Mama," akasema, na nikajua nilizaa mtu. Alikuwa na kila kitu: wakili, mpimaji, bikoni za saruji kwenye kona, na taito yenye muhuri. Akatualika tukaombee nyumba.

Nilikwenda na mbuzi. Beberu mweusi.

Binti yangu alitoka nje, akamwona, akashika kichwa. "Mama, hapana. Niko na taito."

"Taito iko kwa sanduku," nikamwambia. "Jirani yuko nje."

"Hapa watu ni wa kila mahali. Watasema sisi ni washamba."

"Waseme wakiwa wameshiba."

Baba yake alikuwa amekaa kwenye kiti ndani, fimbo kati ya magoti, anasikiliza. Nilingoja alete neno la damu. Nilikuwa na jibu nililolitunza miaka yote hiyo na nilitaka kweli kulitumia. Alimtazama tu beberu kupitia mlangoni.

Nikazunguka mwenyewe kuita majirani. Upande mmoja kulikuwa na mfanyabiashara wa vipuri na mama yake mzee, watu wa kutoka Mkoa wa Kati. Upande mwingine kulikuwa na familia ya Wakamba wa Kibwezi, wameokoka, watu wa suti Jumapili. Nyuma kulikuwa na dereva wa lori na mkewe. Mfanyabiashara wa vipuri alianza kucheka, lakini mama yake akamgonga mkono. "Wacha ujinga," akamwambia. "Hata kwetu, shamba bila mbuzi haijauzwa." Nilitaka kumbusu yule mwanamke.

Pombe haikuwako. Kulikuwa na soda, na chai pia, maana sina ugomvi na chai ikijua mahali pake. Damu niliiacha ianguke pale ilipoanguka, sikuibeba kwenda kokote, na kama kuna anayetaka kunihukumu kwa hilo aje na kiti. Nyama ilipoiva niliikata kwenye sinia, nikawatembeza wote mpakani. Kwenye kila bikoni nilimpa jirani wa upande huo kipande, nikangoja ameze, nikamuuliza mbele ya wengine, "Mpaka uko wapi?" Naye akagusa bikoni kwa mguu akasema uko hapa. Walioanza kwa kuona haya walimaliza kwa kusema kwa sauti. Yule Mkamba wa suti alisita kidogo, akaangalia nyama, akaangalia mke wake, akala.

Kona ya mwisho ilikuwa karibu na tangi la maji. Tulipofika, nikasikia fimbo nyuma yangu. Mume wangu alikuwa ametoka ndani na kutufuata polepole, kona baada ya kona. Alisimama mbele yangu, amekunja mgongo, akanyoosha mkono kwenye sinia. Hana meno mengi. Alichukua kipande laini, akakitafuna muda mrefu, watu wote wakingoja, akameza. Kisha akainama, akashika ile bikoni kwa mkono wake.

"Mimi nimekula," akasema kwa ile sauti ya ng'ambo ya mto. "Mpaka ni hapa."

Halafu akanitazama. Binti yangu alianza kulia, hajui kwa nini hasa, ingawa nadhani anajua. Mimi sikulia. Nilikuwa nimesubiri karibu miaka thelathini, na kilichonijia kifuani kilikuwa hasira, hasira mpya kabisa, kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo. Kipande kimoja. Kutafuna, kumeza, kusema. Nikamwambia, "Umechelewa, baba watoto." Akasema, "Najua." Nikamfuta mafuta kwenye kidevu kwa pindo la leso yangu, na kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Tulirudi Kitui Jumatatu. Nyumba ilikuwa na joto, imefungwa siku zote hizo, na mtungi ulikuwa mtupu. Yeye alitaka chai. Nikachukua ndoo, nikateremka kwa jirani kuomba ufunguo.